Kifuniko Chekundu na Cheri za Mama Wangari

Nimeacha uuguzi wa macho kabla ya umri wa lazima, kwa sababu mgongo wangu uliamua kabla yangu. Kuinama mbele ya darubini ya macho, mgonjwa akiwa ameegemeza kidevu upande wa pili, si kazi ya mgongo wa milele. Ninyi mnaobaki katika kliniki yetu hapa Nyeri mliniomba niandike niliyojifunza, nami nimejaribu. Nimeandika kuhusu mtoto wa jicho na kuhusu presha ya macho, na kurasa hizo zimetoka zimenyooka, kwa kuwa magonjwa hayo yana njia inayofuatika. Ukurasa huu umekataa kunyooka. Unahusu macho yanayoharibiwa na ugonjwa wa tezi ya shingo, na nawaonya mapema kwamba nitaumaliza nikiwa bado sijaelewa kila kitu.

Aliyenipokea kliniki nikiwa msichana mwenye viatu vipya vya kubana alikuwa Bwana Githinji, afisa wa tiba ya macho, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Hakunionyesha ofisi wala ratiba. Alinionyesha vitu vitatu: kurunzi, rula ya plastiki iliyokatika kona, na kifuniko chekundu cha chupa ya dawa ya kupanua mboni, alichokifunga kwa uzi kwenye kifungo cha koti lake.

"Ukipoteza kurunzi, nitakutafutia nyingine," aliniambia. "Ukipoteza hiki, rudi kwenu Gatitu ukalime."

"Lakini ni kifuniko tu, Mwalimu."

"Ndiyo maana watu hukipoteza."

Matumizi yake mnayajua. Unamfunika mgonjwa jicho moja, unamwonyesha kifuniko, kisha unahamia jicho la pili na kumuuliza kama wekundu ni sawa. Neva ya jicho ikianza kubanwa, rangi nyekundu ndiyo hufifia mapema, mara nyingi kabla ya mgonjwa kushindwa kusoma herufi ukutani. Mwalimu aliuliza swali hilo kwa maneno yale yale kila mara, kama mtu anayeongoza sala: "Huku na huku, wekundu ni sawa?" Nasi tulilirithi swali pamoja na kifuniko. Mimi mwenyewe niliwafundisha baadhi yenu kuliuliza hivyo hivyo.

Ugonjwa wa macho ya tezi alinieleza kwa kutumia ngumi yake ndani ya kikombe. Jicho hukaa ndani ya chumba kidogo cha mfupa, pamoja na misuli yake na mafuta kidogo. Mwili ukikosea na kuanza kushambulia tezi ya shingo, mara nyingine hushambulia chumba hicho pia. Misuli huvimba, mafuta huongezeka, lakini mfupa haupanuki. Jicho basi husukumwa mbele, kope huvutwa juu, na mgonjwa hubaki na sura ya mtu aliyepewa habari mbaya muda mfupi uliopita. Nilidhani nimeelewa. Nikasema, kwa hiyo jicho likitokeza sana, hatari ni kubwa. Mwalimu akatikisa kichwa. Jicho lililotokeza sana limejipatia nafasi, akasema. Ogopa lile lisilotokeza, kwa sababu uvimbe wote umebaki ndani na neva. Huo ukawa mkanganyiko wangu wa kwanza katika ugonjwa huu. Sikujua kwamba mingine ilikuwa imepanga foleni.

Mwalimu alistaafu, akaniachia kifuniko. Miaka ikapita, vifaa vikaja na vingine vikaharibika vikiwa bado na vibandiko vya forodha. Kisha, si zamani, akaja Mama Wangari.

Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka mitelemko iliyo chini ya mji, mwanamke mrefu, mwenye mzaha, aliyeletwa na binti yake Wangari, muuzaji wa nguo za mitumba pale Majengo. Shingo yake ilikuwa imejaa kidogo, mikono ikitetemeka, na macho yake yalikuwa mekundu, yenye machozi, yamefunguka kupita kiasi.

"Shida ni gani, mama?" nilimuuliza.

"Shida ni watu, sista. Nikiwa sokoni mtu ananiuliza, 'Kwani nimekufanyia nini?' Na mimi sijamwangalia hata. Kanisani akina mama wamesema niko na hasira na mwenyekiti."

"Na uko nayo?"

"Hiyo ni maneno ingine."

Wangari akacheka. "Mwambie ya baba."

"Mzee wangu amehama kitanda. Ati ninalala nikimwangalia."

Tulicheka wote watatu, nami nikaandika kwamba kope hazifungi mgonjwa anapolala. Nikampa machozi ya chupa ya mchana na mafuta ya usiku, nikamwonyesha jinsi ya kubandika kope kwa plasta laini na kuinua kichwa kwa mito. Nikamuuliza kama anavuta sigara, kwa kuwa hakuna kinachouchochea ugonjwa huu kama moshi wa tumbaku. Yeye hakuvuta, mzee ndiye aliyevuta, na tangu siku hiyo alivutia sigara yake huko alikohamia. Kisha nikamuuliza anatumia nini nyumbani kwa ajili ya shingo.

"Chumvi," akasema kwa fahari. "Naongeza chumvi kwa kila kitu. Hata kwa chai."

Msimcheke. Katika nchi hii ya mlima, kila aliyewahi kuona rovu kwenye shingo ya nyanya yake anajua kwamba rovu ni ukosefu wa madini ya ayodini, na kwamba ayodini imo katika chumvi ya dukani. Wazee walisema kweli kuhusu rovu la zamani. Rovu la Mama Wangari lilikuwa jingine: tezi yake haikuwa na njaa, ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, na ayodini ya ziada haikuwa na la kuisaidia. Nilipomweleza hivyo, alinitazama kwa macho yale makubwa, na kwa mara ya kwanza mshangao uliokuwa usoni mwake ulikuwa wake kweli.

"Kwa hivyo shingo kubwa ya mama yangu ilitaka chumvi, na yangu haitaki?"

"Ndiyo."

"Na zinafanana?"

"Kwa kuziangalia tu, ndiyo."

"Haya, sista. Wewe ndiye umesoma."

Kliniki ya tezi ilikuwa kwenye ujia uleule na yetu, lakini siku tofauti. Huko alipewa vidonge vya kupunguza nguvu ya tezi, na baada ya miezi kadhaa damu yake ikawa shwari. Daktari wa tezi akafurahi. Macho hayakuwa na habari hiyo. Yaliendelea kuuma na kuvimba. Hilo nalo ni la ugonjwa huu: tezi na macho vina ratiba tofauti, na kutuliza kimoja si ahadi ya kutuliza kingine, ingawa tezi ikiachwa iyumbe macho huzidi kuumia. Wakati huo daktari wetu wa macho alikuwa Daktari Kendi, kijana kutoka Meru, makini, mwenye tabia ya kukata kucha kwa meno akifikiri. Yeye ndiye aliyenipangia njia za tiba vizuri kuliko mtu yeyote, nami nitazipitisha kwenu kama alivyonipa.

Ugonjwa huwaka, kisha hupoa. Unapowaka, dawa za kutuliza uvimbe husaidia, na iliyo imara zaidi ni steroidi kwa dripu, kila wiki kwa muda wa miezi michache, huku ukichunga sukari, presha na ini. Wengine hupigwa mionzi nyuma ya macho. Ukishapoa, dawa hizo hazina tena la kuzima. Hapo ndipo upasuaji huingia, na kwa mpangilio: kwanza kupanua chumba cha mfupa ikihitajika, kisha kunyoosha misuli ya anayeona viwili viwili, na kope mwisho, kwa sababu kila hatua huvuruga inayoifuata. Jambo moja tu huruka foleni yote: neva ikibanwa, hungoji kupoa.

Mpangilio huo ni mzuri sana kwenye karatasi. Mama Wangari hakuwa karatasi. Daktari wa tezi alitaka kumpeleka Nairobi akanywe ayodini ya mionzi, ile inayoiua tezi, amalize kabisa habari ya shingo. Daktari Kendi alijua kwamba ayodini hiyo yaweza kuyazidisha macho yanayowaka, isipokuwa mgonjwa akingwe kwa steroidi, na hata hivyo hakuwa na hakika. Wangari alikuwa amesoma kwenye simu kuhusu dawa mpya ya ng'ambo inayorudisha macho ndani kwa dripu tu. Tukamwambia dawa ipo kweli, haijatufikia, bei yake haitajiki mbele ya mkulima, na kwamba inaweza kuharibu masikio.

"Ngoja nielewe," Mama Wangari akasema. Alihesabu kwa vidole. "Ayodini ya chumvi, mmekataa. Ayodini ya Nairobi, mnataka. Ile inaponya shingo inaharibu macho. Ile inaponya macho inaharibu masikio. Kuna yenye inaharibu meno?"

Daktari Kendi alikata ukucha. Mimi nilipanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Tuliazimia kwamba uamuzi utategemea neva. Neva zikiwa salama, aende Nairobi akanywe ayodini akiwa na kinga ya steroidi. Siku ya kuamua ilifika katikati ya msimu wa kuchuma kahawa. Macho yake, kwa furaha yetu, yalionekana hata kupungua kutokeza. Alisoma ubao wa herufi karibu hadi mstari wa mwisho. Daktari Kendi akachukua kifuniko changu, akamfunika jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Huku na huku, wekundu ni sawa?"

"Ni sawa," akasema Mama Wangari.

Mboni zake nazo ziliitikia kurunzi kwa usawa. Daktari akaandika kwamba neva ni salama, na kwamba aende Nairobi. Nilikuwa tayari nimeita mgonjwa anayefuata. Mama Wangari alikuwa akijifunga leso, na binti yake akaanza kumchokoza ili kumwondolea hofu ya safari.

"Huko Nairobi usiwachumie kahawa, watakufunga."

"Nyamaza, wewe."

"Sista, unajua mama siku hizi anachuma kahawa ya kijani? Karani wa kiwanda amemwaga gunia lake lote chini mbele ya watu. Ati arudi achague upya."

"Karani ndiye haoni," Mama Wangari akajibu, na safari hii hakuwa akifanya mzaha. "Nimechuma kahawa tangu nikiwa mtoto. Nilichuma nyekundu tupu. Wamenionea."

Kwa wale ambao hamkulelewa katika kahawa: mkulima haruhusiwi kupima gunia moja kwa moja. Humwaga cheri zake, yaani matunda ya kahawa, juu ya turubai pale kiwandani, akapiga magoti na kuondoa zote za kijani. Karani akiridhika ndipo hupimiwa. Mama yangu alinifanyisha kazi hiyo utoto wangu wote. Mchumaji mzoefu hutofautisha mbivu na mbichi akiwa anapiga gumzo na jirani. Hawezi kukosea gunia zima.

Nilimwambia mgonjwa mwingine asubiri. Nilichukua chupa mbili kutoka kwenye trei, ya dawa ya kupanua mboni yenye kifuniko chekundu, na ya dawa ya kuifinya yenye kifuniko cha kijani. Nikamketisha Mama Wangari tena, nikamfunika jicho moja, nikaonyesha chekundu.

"Usiniambie kama ni sawa na upande ule. Niambie rangi yake ni kama ya nini."

Alifikiri. "Kama udongo."

"Udongo wa wapi?"

"Wa shamba. Baada ya mvua."

Jicho la pili. "Hapa?"

"Udongo tu."

Nikaweka cha kijani kando ya chekundu. Akavitazama kwa zamu, akasogea, akarudi nyuma. "Hii ni udongo mweusi kidogo," akasema, kisha sauti yake ikashuka. "Sista, kwani hizi chupa ziko na rangi gani?"

Wangari akamshika mama yake bega.

Alikuwa ametujibu kweli. Huku na huku wekundu ulikuwa sawa, kwa sababu ulikuwa umezimika kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Mboni ziliitikia kwa usawa kwa sababu hiyo hiyo. Macho yalionekana kurudi ndani, au sisi ndio tuliotaka yarudi; hadi leo sijui. Daktari Kendi alirudia kipimo mwenyewe, kisha akaichana karatasi ya safari ya Nairobi vipande vinne. Mama Wangari alilazwa siku hiyo hiyo.

Wodini alitundikiwa steroidi kwa dozi kubwa, siku tatu mfululizo. Nikienda kumwona baada ya kliniki nilikuta familia imemzunguka na daktari wa tezi amesimama miguuni pa kitanda, akieleza kwamba ayodini sasa iwekwe kando. Mzee wake, Baba Wangari, mtu mnyamavu aliyeishika kofia kwa mikono miwili, aliuliza swali moja tu.

"Juzi alikuwa anafaa kwenda kunywa hiyo dawa. Leo hafai. Ni yeye amebadilika ama ni nyinyi?"

Daktari wa tezi alisema ni sisi. Nilimheshimu kwa hilo.

Walipotoka, Mama Wangari alinishika mkono. "Wanasema dripu ikishindwa, nitapasuliwa Nairobi, wavunje mfupa wa macho. Na ninaweza kuamka nikiona viwili. Ama nikatae, nibaki na hii dawa, nione Mungu atafanya nini. Wewe ungekuwa mimi, sista?"

Nimewajibu wagonjwa maswali mengi, mengine nikiwa na uhakika mdogo kuliko sauti yangu. Siku hiyo nilimpa ukweli ulivyokuwa. "Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba neva iliyokufa hairudi, na mfupa huo hutauhitaji."

"Hiyo ni kujua ama si kujua?"

"Ni nusu."

Aliuachia mkono wangu. Kisha akasema, "Haya. Nitachukua hiyo nusu."

Jicho la kulia liliamshwa na dripu. Baada ya siku chache kifuniko kilianza kuwa, kwa maneno yake, udongo uliomwagiwa juisi ya nyanya. La kushoto halikusogea. Walimpasua Nairobi, macho yote mawili, wakaondoa sehemu ya ukuta wa mfupa ili misuli ipate pa kukaa. Kwa nini jicho moja lilisikia dawa na jingine likakataa, yakiwa katika kichwa kimoja, yakinywa damu ile ile, nimewauliza madaktari watatu, nao wamenipa majibu matatu ya heshima.

Alirudi kliniki akiwa na rangi zake, na kero mpya tuliyoahidiwa.

"Sista, sasa naona karani wawili," alisema kabla hajaketi. "Mmoja alikuwa ananitosha."

Tulimbandikia kioo cha kupinda mwanga kwenye miwani ili awaunganishe, na ugonjwa ulipopoa alinyooshwa misuli. Tezi yenyewe iliondolewa kwa upasuaji, naye sasa humeza kidonge kila asubuhi badala yake. Kope bado hajafanyiwa. Anasema wale wa kanisani wamemzoea, na mwenyekiti sasa humwogopa ifaavyo. Je, angekunywa ile ayodini na kinga yake mapema, kabla neva haijaguswa, yote haya yangeepukika? Daktari Kendi anadhani hapana. Daktari wa tezi anadhani labda. Mimi husoma maandishi yao wote wawili na kukubaliana na yule niliyemsoma mwisho.

Nilichobadilisha ni swali. Kabla sijaondoka nilimkabidhi Daktari Kendi kifuniko cha Mwalimu pamoja na uzi wake, nikamwomba asiulize tena kama wekundu ni sawa. Aulize ni kama wa nini, na asikilize jibu hadi mwisho, na kama mgonjwa anachuma, anafuma, anauza nyanya au nyama, aulize kazi inaendaje.

Msimu huu, nikiwa sina pa kuripoti, nilikwenda kumtembelea Mama Wangari, nikamkuta kiwandani. Alikuwa amepiga magoti kando ya turubai, amevaa miwani, akichagua cheri kwa kasi ya wengine. Nilipiga magoti upande wa pili, mgongo ukalalamika, nikaanza kusaidia kama nilivyofundishwa na mama yangu. Tulifanya kazi na kusengenya kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akachukua cheri moja kutoka kwenye fungu langu la mbivu, akaitupa kwenye fungu la kijani.

"Hiyo bado, sista."

"Ni nyekundu, mama."

"Ni bado."

Nikaiokota, nikaishika juani. Upande niliouona mimi ulikuwa mwekundu kabisa. Nikaigeuza, nikaona upande aliokuwa akiuona yeye ni wa kijani hadi kwenye kikonyo. Mama Wangari alikuwa ameinamia kazi yake tayari. Nilitazama fungu moja, nikatazama la pili, na karani akatufokea sote wawili tuharakishe, nami bado nilikuwa nimeishika cheri ile mkononi.